Duka la Watoto la Maviani

Harufu ya polishi nyekundu ya sakafu ndiyo iliyonikamata. Mwezi uliopita nilishuka kutoka Mbooni, ninakofundisha siku hizi, nikaenda Kitui kumwona mke wa mdogo wangu aliyelazwa hospitalini akingoja kujifungua. Jengo jipya lina vigae vyeupe na lifti, na halinuki chochote. Lakini ili ulifikie ni lazima upite kwenye baraza ya wodi ya zamani, na asubuhi hiyo kijana mmoja alikuwa anaing'arisha sakafu, kipande cha blanketi chini ya kila mguu, akiteleza huku na huku kama anayefundishwa kucheza dansi. Nikasimama na mfuko wangu wa machungwa mkononi. Watu walinipita kushoto na kulia, na mimi nilikuwa na miaka sita tena.

Hospitali hiyo ina jina rasmi kwenye bango la barabarani, ila watu wa kwetu hawalitumii. Sisi huiita Maviani, yaani kwenye mawe, kwa sababu wazee wanasema hapo ndipo walipoona kwa mara ya kwanza nyumba ya mawe ya kuchonga. Wodi zake ni ndefu na nyembamba, zina baraza pana na nguzo nene, na paa za mabati zilizowahi kuwa nyekundu. Kati ya wodi na wodi kuna ujia uliofunikwa juu, na kitanda cha magurudumu kikipita humo husikika mpaka getini. Kila jengo lina tangi lake la mawe la kukinga maji ya mvua. Saa za kuona wagonjwa zilipofika, mtu aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti.

Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu, alikuwa na dai kubwa juu ya majengo hayo. Mama yake alikuwa miongoni mwa wasichana walioteka maji mtoni ya kukorogea saruji ya wodi ya kwanza. Kwa hiyo kila tulipopita pale Susu aliupiga ukuta kofi la kirafiki, kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni, akasema, "Huu ni wa mama yangu." Nesi akimfukuza barazani kwa sababu saa za wageni zimekwisha, aliondoka polepole sana, na kichwa juu, kama mwenye nyumba anayesumbuliwa na wapangaji.

Tulikuwa tumetoka Tseikuru, mbali kabisa upande wa kaskazini, sisi watatu: mama, Susu na mimi. Baba alikuwa ameondoka na ng'ombe kutafuta maji, maana ulikuwa mwezi wa kumi na mvua haikuwa hata na dalili. Mama alikuwa mjamzito, na daktari alisema safari hii asingoje uchungu umkute nyumbani. Pale Maviani kulikuwa na nyumba ya kungojea, chumba kirefu nyuma ya wodi ya kina mama, ambapo wajawazito wa mbali walikaa hadi siku zao zitimie. Kila mmoja alikuja na unga wake, ndengu zake na sufuria yake. Walipika pamoja nje kwenye mafiga, walisuka vyondo, walisengenya waume zao. Ilikuwa nyumba ya vicheko, isipokuwa upande wa mkeka wetu.

Mama yangu hakucheka. Baada ya kunizaa mimi alikuwa amekuja Maviani mara mbili, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu, kifua kimefungwa leso kwa nguvu. Nyumbani tulisema tu, "Hakupata." Safari hii hakumzungumzia mtoto hata kidogo. Hakushona kofia, hakuuliza wenzake majina. Susu alimwambia subira huvuta heri, akamwambia tena kesho yake na keshokutwa, mpaka mama akamjibu, "Mwaitu, mama yangu, hii heri ni nzito namna gani, ivutwe miaka yote hii?" Susu akainamia kiondo chake.

Sasa mimi nilikuwa na maelezo yangu juu ya jambo hilo, na naomba msinicheke, maana nadhani hata kwenu mlidanganywa hivyohivyo. Mtoto wa kwetu akiuliza watoto wanatoka wapi, huambiwa wananunuliwa hospitali. Nami niliamini. Mama alikuwa amekuja dukani mara mbili akakuta watoto wamekwisha. Basi kwa kuwa safari hii tulikuwa tunalala papo hapo kwenye uwanja wa duka, nilijipa kazi ya kulitafuta, ili tuwe wa kwanza kwenye foleni.

Nililitafuta kwa bidii. Nilisimama kwenye dirisha la dawa hadi yule mwenye dawa akaniuliza naumwa wapi, nikakimbia. Nilichungulia chumba cha kufulia chenye bomba refu la moshi, nikaona mashuka yanazunguka. Jikoni niliona sufuria kubwa kuliko mimi, nikaamua kwamba hata wazungu waliojenga hapa wasingeweka watoto karibu na moto. Wodi yenyewe ya kina mama nilikatazwa kuingia. Wakubwa walisema watoto huleta magonjwa, neno lililonishangaza sana, kwa sababu mle ndani nilisikia watoto wengi wakilia na hakuna aliyewafukuza.

Mwishowe nililipata. Mbali na majengo mengine yote, chini kabisa ya uwanja, kulikuwa na kijumba cha mawe peke yake. Kuta zake zilikuwa nene na hakikuwa na madirisha, ila vitundu vidogo juu karibu na paa. Ukiegemeza shavu kwenye ukuta ulisikia baridi hata jua la mchana likiwaka. Mlango wake wa mbao ulifungwa wakati wote, na ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja tu, mzee mwembamba mwenye viatu vya gambuti aliyeitwa Mzee Mulei. Kando ya kijumba kulikuwa na mjakaranda mkubwa. Wakati huo ulikuwa umechanua, na ardhi yote chini yake ilikuwa zambarau.

Ushahidi ulikuwa mwingi. Watu walikuja hapo na gari, wamevaa nguo za kanisani. Wanaume walibeba kitu kirefu kilichofunikwa, wanawake wakaimba nyimbo za Mungu na kulia. Kulia hakukunitisha. Katika kanisa letu la Tseikuru kila aliyebarikiwa alilia, na aliyebarikiwa zaidi alianguka chini kabisa. Nikajua hao wamepata walichotaka.

Halafu siku moja nilimwona Mzee Mulei akitoka wodi ya kina mama na kitu kidogo mikononi, kimefungwa kitambaa cheupe. Alipita kwenye ujia uliofunikwa, akashuka uwanjani kwa hatua za polepole, kichwa amekiinamisha juu ya mzigo wake kama mtu anayebeba mayai. Akafungua mlango kwa mkono mmoja, akaingia. Nilielewa mara moja. Huyo alikuwa mtoto aliyekataliwa na mwenyewe, anarudishwa dukani. Nilimhurumia sana. Lakini nilifurahi kwamba aliyemrudisha hakuwa na haraka.

Kesho yake nilikwenda. Nilibisha hodi kwenye ule mlango, nikaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo na kusema maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku mzima. Nilisema mimi ni Kanini wa Tseikuru, mama yangu ako hapo juu kwa nyumba ya kungojea, na tunaomba mtoto ambaye hatarudishwa.

"Wewe mtoto!" sauti ikasema nyuma yangu. "Nani amekutuma hapa?"

Alikuwa Mzee Mulei, na ufagio mkononi.

"Hakuna mtu amenituma. Nimekuja kuuliza kama mtoto wetu ako tayari."

Nilidhani atanichapa na ule ufagio, maana watu wazima wa Maviani walikuwa wepesi wa kufukuza. Badala yake alikaa kwenye ngazi ya mlango, akavua kofia.

"Mama yako ni nani?"

"Syombua."

"Syombua wa Tseikuru?"

"Eeh."

Akapangusa uso wote kwa kofia, ingawa hakuwa na jasho. "Asi!" akasema, polepole, si kwangu mimi. Kisha akanyoosha kidole kuelekea juu, kwenye upinde wa mawe wa mlango wa kina mama. "Wa kwenda nyumbani wanatokea pale. Umesikia? Hapa kwangu hawatokei. Hapa ndani hakuna mtoto wa Syombua."

"Hata mmoja?"

"Hapa ndani hakuna," akasema tena.

Alinikataza kuukaribia mlango. Lakini nadhani aliona uso wangu umeanguka, kwa sababu alinionyesha mjakaranda akaniambia naweza kucheza pale chini, ni mahali pazuri kwa watoto. Kulikuwa na mawe madogo yaliyopakwa chokaa, yamepangwa mistari, mengine mapya na mengine yamezama nusu ardhini. Alinipa sharti moja tu, nisiyasogeze.

Basi mahali hapo pakawa nyumbani kwangu. Kila asubuhi, Susu akishashika kiondo chake na mama akishageukia ukuta, mimi nilishuka chini ya mjakaranda. Maua yake ni kama vikombe vidogo, na mimi nilikuwa na wageni wengi, kwa sababu kila jiwe jeupe nililifanya mtu. Nilipika ugali wa mchanga na muthokoi, mlo wetu wa mahindi yaliyokobolewa, wa kokoto, nikampakulia kila mtu kwenye kikombe chake cha zambarau, nikawagombeza waliobakisha. Mzee Mulei alifagia pembeni akiimba tenzi kwa sauti ya puani. Hakupenda maneno mengi. Siku moja tu alisimama, akaangalia nilivyowapanga kwa chakula, akaniuliza, "Wote umewapa?" Nikamwambia wote. Akaendelea kufagia.

Siku ya mama ilifika alfajiri. Niliamka nikakuta mkeka wake mtupu na wanawake wamekaa kimya, hata wale wachekeshaji. Susu alikuwa mlangoni, kiondo chake kimelala chini na nyuzi zimetawanyika. Sikuwa nimewahi kumwona Susu akiwa na mikono isiyofanya kazi. Ilikuwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Sikumwuliza kitu. Nilikimbia moja kwa moja hadi kwenye kijumba, nikakaa kwenye ngazi na kuegemeza mgongo wangu mlangoni. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kama mtoto wetu ataletwa arudishwe, itabidi wanipite mimi kwanza.

Mzee Mulei alinikuta hapo jua likianza kuwaka. Aliniuliza nafanya nini, nikamwambia mama ameingia. Akaniuliza kama nimekunywa uji, nikamwambia sitoki. Hakubishana nami. Alikaa kando yangu kwenye ngazi, magoti yake makavu juu karibu na kidevu, na wote wawili tukautazama ule upinde wa mawe kule juu. Mtu alipotoka wodini nilishika nguo ya mzee. Alikuwa nesi anaenda kumwaga maji. Akatoka mwingine, na mwingine. Kila mara mkono wangu ulimshika mzee, na kila mara alisema, "Bado."

Nadhani mwishowe aliona kwamba sitauacha ule mlango. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo, mkubwa, mweusi, wenye kamba ya katani, akauweka kiganjani mwangu na kuvifunga vidole vyangu.

"Shika wewe," akasema. "Bila huo, hakuna mtu anafungua."

Sitaweza kuwaeleza nilivyousikia uzito wa chuma kile. Niliushika kwa mikono miwili asubuhi yote. Niliushika hata nilipobanwa na mkojo. Na wakati kipande cha reli kilipogongwa kuita wageni, juu ya mlio wake nikasikia sauti nyingine, nyembamba, inapanda na kuzunguka majengo yote ya mawe. Ilikuwa sauti ya Susu, akipiga vigelegele kwenye baraza ya mama yake, na hakuna nesi aliyethubutu kumfukuza.

Mzee Mulei alinyoosha mkono kuchukua ufunguo wake. Alikuwa analia. Nikajua amebarikiwa.

Mtoto alikuwa wa kiume. Siku ya tatu, kama ilivyo desturi yetu, alipewa jina, na aliyempa ni Susu, pale kwenye nyumba ya kungojea, wanawake wamemzunguka. Akamwita Musyoka, yaani mwenye kurudi. Wanawake wakaguna kwa kukubali, mama akafunika macho kwa leso. Mimi sikuona cha kushangaza. Kwa hesabu yangu alikuwa ni yuleyule niliyemwona akirudishwa dukani, na sasa amerudi kwetu.

Siku ya kwenda nyumbani nilimshika mama nguo nikamwambia ni lazima tukamwonyeshe Mzee Mulei. Mama akauliza Mzee Mulei ni nani. "Mwenye duka," nikasema, na nikaelekeza kidole kwenye kijumba cha mawe chini ya uwanja.

Susu alipiga kite. "Mtoto mchanga hapelekwi huko! Kanini, siku zote umekuwa ukicheza kwa mochari?"

Neno hilo sikulijua. Nilichoona ni kwamba mama amesimama wima, anaangalia chini ya uwanja na haangalii kitu kingine. Kisha akaanza kutembea. Susu alimwita kwa jina, akamwita tena, na mama hakugeuka.

Mzee Mulei alituona tukishuka. Akaweka ufagio chini, akavua kofia, na mikono yote miwili akaificha nyuma ya mgongo. Nilimwambia huyu ndiye mtoto wetu, amshike. Akatingisha kichwa.

"Hii mikono ni ya wale wengine," akasema. "Usinipe huyo, mama. Mpeleke nyumbani."

Mama alimtazama. "Ni wewe," akasema. "Ni wewe ulinibebea wale wangu."

"Ni mimi."

"Niliwaacha. Sikuuliza walienda wapi. Hakuna mtu aliniambia naweza kuuliza."

Mzee alitembea mbele yetu hadi chini ya mjakaranda na kusimama kwenye mawe mawili yaliyokaribiana, mstari wa pili kutoka kwa shina. "Hawa hapa," akasema. "Niliwaweka pamoja."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye maua, na Musyoka kifuani. Mimi nilifurahi mno. Alikuwa amekuja nyumbani kwangu! Nilimwonyesha jiko langu, nikamwonyesha kijiti changu cha kusongea ugali, nikamweleza kwamba hapa kila mtu ana kikombe chake na kila siku nawapikia. Mama alinisikiliza, machozi yanateremka mpaka kwenye nguo ya mtoto, wala hakuyapangusa.

"Hata hawa wawili?" akauliza.

"Hata hao."

"Unawapa nini?"

"Ugali na muthokoi. Hao hawasumbui, mwaitu. Hao wanamaliza."

"Wanashiba?"

"Wanashiba."

Akanivuta akanikumbatia pamoja na mtoto, kwa nguvu hadi Musyoka akapiga kelele. Halafu akainuka, akamwendea Mzee Mulei, akauvuta mkono wake mmoja kutoka nyuma ya mgongo na kuuweka kichwani kwa mtoto. Susu, aliyekuwa amesimama mbali na mdomo wazi tayari kutulaani sote, akaufunga.

Nilikua, nikajua watoto wanatoka wapi, nikajua pia kijumba kile kilikuwa cha nini. Nilipojua, niliona aibu na kuogopa, na kwa miaka mingi sikutaka mtu anikumbushe hadithi hii. Ni mama mwenyewe aliyeniponya. Nilikuwa msichana mkubwa, tunapepeta ndengu, akasema bila kunitazama: "Kanini, unajua kilichoniuma miaka ile yote si kwamba walikufa. Ni kwamba nilidhani wako peke yao." Akaendelea kupepeta. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimecheza na nani mwezi ule.

Mzee Mulei ameshafariki. Mochari imehamishiwa kwenye jengo jipya, na kile kijumba kinawekewa majembe na mipira ya maji. Mwezi uliopita, baada ya kumpa wifi yangu machungwa yake, nilimkuta Musyoka anazungukazunguka barazani, mwanamume mzima mwenye ndevu, hajui aiweke wapi mikono yake. Nilimwambia anifuate. Mjakaranda bado upo, na ulikuwa umechanua. Mawe mengi yamezama na chokaa imekwisha, lakini yale mawili niliyapata bila kutafuta.

"Tunafanya nini hapa, dada?" Musyoka akaniuliza.

"Kaa chini," nikamwambia. "Tunangoja."

Nikaanza kuokota vikombe vya zambarau, nikimsimulia nilivyowapikia ndugu zetu wawili waliolala hapo, na nilipompa kimoja, akapiga magoti akauliza wa kwanza kupakuliwa ni nani.